Nahodha na Mshika Usukani

Kwa muda mrefu Kiswahili kimesifiwa kuwa lugha ya mashairi na hotuba, kisha kikaombwa kikae kando pindi sayansi inapoingia ukumbini. Wanaokiomba hivyo si maadui wa lugha. Aghalabu ni sisi wenyewe tunaoisomea. Katika makala haya nakusudia kuijibu kauli hiyo kwa kuieleza kazi moja niliyoshiriki.

Mwaka 2017, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, mwenzangu wa sayansi ya kompyuta alikuwa ameandika programu ya vitendawili kwa ajili ya chama chetu. Alitaka kuiweka juu ya Deis Workflow, jukwaa la programu huria linalopokea msimbo wa programu na kuiweka kazini. Jukwaa lenyewe lilipaswa kusakinishwa kwenye klasta, yaani kompyuta kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Sisi tulikuwa na tatu. Yeye alikuwa karibu kuhitimu, na baada yake kazi ingebaki mikononi mwa wanafunzi wa Kiswahili. Aliniomba tuandike mwongozo. Wanachama wetu walikijua Kiingereza vizuri; hata hivyo, walipoyasoma maelekezo ya awali waliyaona maneno bila kuziona dhana. Mwongozo usingeeleweka, vitendawili vyetu vingezimika siku ambayo mwenzangu angeondoka.

Neno la kwanza halikutusumbua. Kila aliyewahi kufika Kilindini amekiona chombo cha kunyanyulia mizigo kikiinua kontena bila kujali kama ndani mna majani chai au vipuri. Kontena za kompyuta, ambazo Docker ilizieneza kuanzia mwaka 2013, hufuata busara hiyo hiyo: programu hufungashwa pamoja na vyote inavyovihitaji, ikawa yaweza kupakuliwa kwenye mashine yoyote iliyoandaliwa kuipokea.

Ugomvi ulizuka tulipofika kwa Kubernetes, mfumo wa kuziongoza kontena hizo uliotolewa na Google mwaka 2014. Jina hilo ni la Kiyunani, na maana yake ni mshika usukani. Mwenzangu alipendekeza tuuite nahodha, kwa kuwa neno hilo lafahamika zaidi. Nilikataa, nasi tukabishana jioni nzima. Nilimweleza kwamba katika jahazi nahodha ndiye aamuaye chombo kiende wapi. Mshika usukani haamui. Huishika njia aliyopewa, na mkondo ukikipotosha chombo, yeye hukirudisha.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndugu yangu, basi ndivyo mfumo wenyewe ulivyo."

Ndivyo ulivyo. Mtu huandika hali anayoitaka, tuseme nakala tatu za programu ziwe kazini daima. Mfumo hukagua bila kuchoka: nakala moja ikifa, huanzisha nyingine, kompyuta moja ikizimika, kazi zake huhamishiwa kwa zilizosalia. Nahodha ni binadamu aliyeandika matakwa yake. Tofauti ambayo mabaharia wetu waliijua kabla ya umeme ilitosha kuieleza kanuni kuu ya mfumo mzima.

Tangu hapo tulitafuta baharini kwanza. Helm, programu tuliyoitumia kusakinishia, jina lake ni usukani, na vifurushi vyake huitwa kwa jina la ramani za baharini. Sehemu yake iliyokaa ndani ya klasta siku hizo iliitwa Tiller, nalo neno hilo Kiswahili kinalo: kana, mkono wa usukani. Bahari iliponyamaza tulikwenda shambani. Fungu dogo kabisa ambalo Kubernetes hulisimamia hubeba kontena moja au zaidi. Tukaliita ganda, kama ganda la kunde na punje zake.

Usakinishaji ukawa hadithi inayosimulika. Kwa amri moja tuliongeza ghala la ramani za Deis. Kwa amri ya pili jukwaa likaanza kusakinishwa, nasi tukasubiri maganda yake yaamke: mjenzi anayeupokea msimbo, bohari la kontena, hifadhidata, mdhibiti na mwelekezaji wa wageni. Mwongozo ulisisitiza kwamba wa kwanza kujisajili ndiye apewaye mamlaka ya usimamizi. Ulionya pia kuwa hifadhi ya Minio iliyokuja na jukwaa ilikuwa ya muda. Ganda lake likianzishwa upya, vilivyomo hupotea. Wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza waliufuata mwongozo huo wakasakinisha jukwaa lote wenyewe.

Hapana shaka zana hizi hazidumu. Microsoft iliinunua kampuni ya Deis mwaka 2017; toleo la mwisho la Workflow likatoka Septemba mwaka huo, na marekebisho yakakoma Machi 2018. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, kikundi cha Team Hephy kiliuchukua na kuuendeleza. Kana nayo iliondolewa katika Helm 3 mwaka 2019. Lakini aliyeielewa tofauti ya nahodha na mshika usukani hakuhitaji kufundishwa upya, kwani Kubernetes ingali ikifanya kazi kwa kanuni ile ile.

Hatukuwa wa kwanza katika njia hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Huku kwetu tumetumia miaka mingi tukibishana kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi, mara nyingi mbali na mashine yenyewe. Rai yangu kwa wanachama wenzangu ni kwamba istilahi itafutwe pale kazi inapofanyika, kwa kumsikiliza fundi na kumuuliza baharia, mkulima na seremala kabla ya kubuni neno jipya. Fundi wa kompyuta yumo humu humu chuoni, pengine katika chumba cha pili. Tumbishieni hodi.