Shimo la nyuma ya nyumba

Mimi nilimaliza ISP na ninafundisha sayansi watoto wa mwaka wa saba. Nasema hivyo ili mjue kwamba diploma yangu haikunisaidia kitu asubuhi ile. Aliyenisaidia ni jirani yangu, mama mzee asiyejua kusoma.

Tulinunua parseli upande wa Mugunga, kwenye barabara ya Goma kwenda Sake, kwa sababu ilikuwa bei ya chini. Mwenye kuuza alituonyesha sehemu ya mbele tu, yenye mawe meusi yaliyo sawa. Nyuma kulikuwa na bonde dogo, refu kama mtu mzima, lenye majani. Bwana yangu alifurahi: "Hapa ardhi imeshachimbwa na Mungu, tutajenga chumba cha chini bila kulipa wachimbaji." Mimi pia nilifurahi. Bei ikishuka, sisi wenye mshahara wa mwalimu hatuulizi sana.

Wiki ya pili kuku wetu watatu walikufa ndani ya lile bonde, usiku mmoja. Hawakuwa na kidonda. Bwana yangu alisema ni ugonjwa wa kuku, tukawazika. Niliona pia mijusi miwili na panya, wote wamekufa pale chini, na mimi mwalimu wa sayansi sikujiuliza neno.

Siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, upepo haujaanza, kijana wangu wa miaka sita aliteremka kutafuta mpira. Nilisikia ananiita kwa sauti ndogo, kama mtu mwenye usingizi. Nikakimbia. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, nusu ya njia, kichwa kimeinama. Nilikuwa tayari kuruka ndani. Jirani akanishika kitenge kwa nyuma na kupiga kelele: "Mama Mwalimu, usiteremuke! Ni mazuku!" Alilala juu ya tumbo pale ukingoni, akavuta pumzi, akamkamata mtoto kwenye shati na kumpandisha kama anavyopandisha bido ya maji. Mtoto alitapika, kichwa kikamuuma siku nzima, akapona. Kama angekuwa hatua mbili chini zaidi, mkono wa yule mama haungemfikia. Na kama ningeruka, mngetuzika wawili. Ndivyo watu wengi wanavyokufa katika mazuku: wa kwanza anaanguka, wa pili anamfuata kumwokoa.

Mimi nilidhani mazuku ni hadithi ya wazee, upepo mbaya wa mizimu. Kumbe hata wataalamu wa volkano katika nchi nyingine wanaandika neno hili letu hivyo hivyo, mazuku. Ni gesi ya kaboniki, ile ile inayotoka na povu unapofungua chupa ya sukre. Hapa kwetu inapanda kutoka chini ya volkano, inapita katika nyufa za mawe. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inakaa chini kama maji katika beseni. Usiku na alfajiri, pasipo upepo, beseni linajaa. Jua na upepo vikija, inatawanyika, ndiyo maana mchana tulitembea mle bila shida. Mbuzi, kuku na mtoto wanakufa kwanza kwa sababu pua zao ziko chini. Gesi ikifika asilimia 10 ya hewa, mtu anaweza kupoteza fahamu kwa dakika chache tu.

Kuna wanaopima kwa mshumaa: ukizimika, hatari. Msitegemee hilo. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo kichwa kimeshaanza kuuma na pumzi kuwa nzito.

Pale ISP tulisoma habari za gesi nyingine ya ardhi, radoni, inayotokana na urani iliyo katika mawe na udongo. Hiyo haiui kwa asubuhi moja. Inaingia nyumbani kupitia nyufa za sakafu na baada ya miaka mingi inaleta kansa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa sababu kubwa ya kansa hiyo baada ya sigara. Huko Ulaya na Marekani wanaziba nyufa, wanapitisha bomba chini ya sakafu mpaka juu ya paa, na feni ndogo inavuta gesi nje mchana na usiku. Feni mchana na usiku! Sisi ambao umeme unatutembelea kama mgeni. Lakini njia ya kuingia ni moja kwa gesi zote mbili: tundu la sakafu, ufa, chumba kilicho chini ya ardhi.

Nyumbani tuligombana. Bwana yangu alitaka tujaze bonde kwa mawe na kujenga juu yake. Nilimwambia mawe yana nafasi katikati, gesi itapita tu na kuingia chini ya kitanda. Alinyamaza siku mbili. Mwishowe tulijenga juu, mbele, chumba kimoja badala ya viwili, na sakafu tuliipandisha ngazi tatu. Fundi aliziba nyufa zote za simenti, hata pale nguzo inapoingia. Tuliacha matundu chini ya kuta, karibu na sakafu, upande wa mteremko, kwa sababu dirisha la juu peke yake halitoi gesi iliyolala chini. Hakuna mtoto anayelala juu ya mkeka. Tumeuza redio tukanunua vitanda. Bonde tumelizungushia ukuta wa mawe.

Chini yetu kidogo kuna nyumba ya mbao ya kupangisha. Wiki iliyopita wameingia wapangaji wapya, mama na watoto wanne, na niliona mikeka imetandikwa sakafuni. Mwenye nyumba alinikataza kuwaogopesha wateja wake. Jana alfajiri nilikwenda na yule jirani mzee, tukabisha hodi. Mama alifungua, akasema watoto wanaamka na kichwa kinawauma. Leo jioni analeta mikeka kwetu, watalala hapa mpaka apate mahali pengine.