Roboti anayejigeuza na swali la "umeiga wapi?"

Mwaka 1994 ilitoka gemu iitwayo Vortex, iliyotengenezwa na kampuni ya Argonaut ya London kwa ajili ya mashine ya Super Nintendo. Mchezaji anaendesha roboti mwenye silaha. Roboti huyo anatembea kwa miguu miwili, lakini akitakiwa anageuka ndege, anageuka gari, na mambo yakiwa magumu anajifungia ndani ya gamba kama kobe. Kwa miaka mingi wapenzi wa gemu za zamani wamekuwa wakisimuliana kwamba Vortex haikuanza ikiwa Vortex. Inasemekana ilianza kama gemu ya Transformers, mpango ukavunjika, majina yakaondolewa na roboti akavalishwa sura nyingine.

Watoto wanaopenda roboti hawakosi kuzijua habari za namna hii, na huzileta nyumbani kama zilivyo. "Baba, ulijua ile gemu waliiba kwa Transformers?" Baba anaitikia "eeh" huku macho yako kwenye simu, na habari inapita kama ukweli.

Ni uvumi unaoaminika kirahisi, na si bila sababu. Kampuni ya Hasbro ya Marekani iliziingiza tena sokoni Transformers mwaka 1993 kwa jina la Generation 2. Mwaka mmoja baadaye ikaja gemu ya roboti anayekuwa gari na ndege. Tarehe zinakaribiana, umbo linafanana. Lakini mtu kuonekana karibu na banda siku kuku alipopotea hakumfanyi kuwa mwizi, na mtoto wa darasa la nne anaweza kabisa kuelewa hilo akielezwa taratibu.

Kinachojulikana kuhusu Argonaut kinapendeza kuliko uvumi wenyewe. Jez San aliianzisha mwaka 1982 akiwa hajafikisha miaka 20. Vijana wake walikuwa na kiu moja: kuonyesha vitu vyenye kina kwenye mashine zilizotengenezwa kwa picha bapa. Walifanya hivyo kwenye Game Boy, kimashine kidogo cha mkononi, wakawaonyesha Nintendo, nao wakashangaa kuona kazi iliyodhaniwa haiwezekani. San akaitwa Kyoto, Japani. Huko aliwaambia wenyeji wake jambo ambalo wengi wasingethubutu kumwambia tajiri: mashine yenu peke yake haitoshi, inahitaji msaada. Nintendo wakakubali, na ikatengenezwa chipu iliyoitwa Super FX, ambayo haikuwekwa kwenye mashine bali ndani ya kaseti ya gemu. Mtoto alipochomeka kaseti, alikuwa anaiongezea mashine yake akili.

Gemu ya kwanza kutumia chipu hiyo ilikuwa Star Fox ya mwaka 1993, na mmoja wa waliofanya kazi hiyo ni Dylan Cuthbert, kijana wa Kiingereza aliyehamia Kyoto akiwa na umri ambao wazazi wengi bado wanamuuliza mtoto amekula nini. Vortex nayo ikatumia chipu hiyo hiyo.

Hapa ndipo uvumi unapoanza kupwaya. Super FX ilichora kwa vipande bapa vyenye pembe, kama karatasi ngumu zilizokatwa kwa mkasi. Ukiwa na vipande vya namna hiyo, kuchora uso wa mtu ni kujitesa. Roboti, hata hivyo, ni maboksi yaliyounganishwa, na kumgeuza kuwa ndege ni kusogeza maboksi. Mtu mwenye chipu hiyo mkononi hahitaji kuibiwa wala kupewa wazo. Zana yenyewe inamsukuma huko. Star Fox 2, iliyotengenezwa miaka hiyo hiyo, ina ndege ya vita inayojikunja ikawa kitu kinachotembea kwa miguu miwili. Gemu hiyo ilikamilika, ikafungiwa kabatini, na haikuuzwa hadi mwaka 2017. Hakuna anayesema nayo ilianza kama Transformers.

Na hao Transformers wenyewe walitoka wapi? Mzazi aliyewaona kwenye filamu tu anaweza kushangaa. Midoli ya kwanza haikubuniwa Marekani. Ilitoka kwa kampuni ya Takara ya Japani, iliyokuwa na midoli yake ya Diaclone na Microman. Wale wa Diaclone walikuwa mitambo inayoendeshwa na vijitu vidogo vilivyokaa ndani. Hawakuwa viumbe wenye roho na ugomvi wao wenyewe. Hasbro ilipoichukua na kuiuza mwaka 1984, waandishi wa kampuni ya vitabu vya katuni ya Marvel ndio waliowapa majina na tabia. Jina Optimus Prime lilitungwa na Dennis O'Neil. Japani, roboti huyo aliitwa Convoy.

Kuna zaidi. Jetfire, mmoja wa Transformers waliouzwa mwaka 1985, alikuwa kwa umbo ndege ya Valkyrie kutoka katuni ya Kijapani ya Macross ya mwaka 1982, akiwa amebadilishwa rangi na alama. Kwenye katuni ya Transformers ilibidi achorwe upya na aitwe Skyfire. Kwa hiyo, kile ambacho uvumi unakiita cha asili, nacho kilikuwa mdoli wa nyumba nyingine aliyepewa jina jipya, na hakuna anayewavunjia heshima waliompa jina hilo.

Vortex haikupata huruma hiyo. Ikitajwa, mara nyingi inatajwa kama "ile ambayo ingekuwa Transformers", na kazi ya watu waliokaa usiku wakihesabu pembe moja moja inageuka tanbihi ya kazi ya mwingine. Uvumi hauhitaji kuwa wa uongo ili ufanye hivyo. Hata kama kesho ungepatikana mkataba wenye sahihi, roboti anayekimbia kwenye kioo bado ameundwa na mikono ile ile ya London.

Nyumbani hilo hutokea kwa udogo zaidi, lakini mtoto hulisikia vilevile. Amekaa Jumamosi nzima na maboksi ya dawa ya meno, gundi na vizibo vya soda. Analeta roboti mezani, na mtu mzima, tena kwa nia njema tu, anauliza: "Hii umeiga wapi?" Au anamsifu: "Kama ya kwenye TV kabisa!" Mtoto anatabasamu, lakini roboti anaishia chini ya kitanda. Bila shaka aliiona kwenye TV. Kawamori, yaani Shoji Kawamori aliyebuni Valkyrie na kushiriki kubuni midoli ya Diaclone, naye hakuwa wa kwanza duniani kuona ndege.

Ipo sehemu ya kuuliza ambayo mtoto ataieleza mpaka chakula kipoe. Ni pale bega linapokutana na bawa, boksi linapojikunja. Mzazi amshike huyo roboti, amgeuze juu chini, aonyeshe kidole hapo na kusema: "Sasa hapa, mwanangu, ulifanyaje lisichanike?"