Makaa ya Namna Mbili

Mwaka huu naandika habari ya neno moja, makaa, lililonitia aibu mbele ya mjukuu wangu hapa Granville.

Alinijia na kazi ya shule. "Bibi, makaa ni nishati ya kwisha au ya kurudi?" Nikajibu upesi: ya kurudi, kwani makaa ni miti. Akacheka. Kumbe alikusudia makaa ya mawe, yachimbwayo bonde la Hunter, ambayo hata leo hutoa sehemu kubwa ya umeme wa New South Wales, ijapokuwa kituo kikuukuu cha Liddell kilifungwa 2023. Hayo ni mimea iliyofukiwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Ukishayachoma, basi tena.

Nilishindwa, lakini usiku usingizi haukunijia. Makaa yetu ya Unguja, je, kweli hurudi? Marehemu baba alikuwa mchoma makaa. Nilipokuwa mdogo alikata miti nyuma ya nyumba. Nilipoolewa alikuwa akitoka alfajiri, na adhuhuri yungali njiani akitafuta mti mnene. Hata mikoko ya ufukweni ilikwisha. Mti hutaka miaka, nasi twapika kila siku. Ulikuwa wa kurudi, hatukuungoja.

Mto Duck, unaopita kando ya Granville yetu, sehemu za chini umeota mchu, mkoko ule ule wa kwetu. Hakuna aukataye. Si kwamba watu wa hapa ni wema kutushinda. Wao hupikia vya ardhini. Mchu wao umesalimika kwa moto usiorudi, na jambo hili sijalimaliza kulifikiri.

Sasa dada yangu amepiga simu: gunia la makaa limepanda bei, tumsaidie. Mwanangu akasema tumpelekee mtungi wa gesi. Mjukuu akapinga, gesi nayo huchimbwa na kwisha. Kweli. Jua ndilo lisilokwisha, na paa letu lina vioo vyake, lakini dada hupika futari, na chakula cha usiku jua limeshakuchwa.

Tumepeleka fedha za mtungi, na juu yake za miche ya mivinje, ipandwe pale alipokuwa akikata baba. Mjukuu hakuridhika. Ameandika katika daftari lake kuwa bibi amejibu yote mawili.