Kidonge cha Mafua Kisiwani Mafia

Boti iliyotutoa Nyamisati ilipoacha mikoko ya Rufiji na kuingia bahari ya wazi, wawili kati yetu walianza kutapika. Tulikuwa akina mama wanne, na kwa kuwa baadhi yetu ni wauguzi, mkoba wa dawa haukuachwa nyumbani. Tuliwapa wenzetu vidonge vya kuzuia kichefuchefu, wakalala usingizi mzito mpaka tulipofika Kilindoni. Tukajipongeza kwa kazi nzuri.

Tulikuwa tunakwenda Utende, kumtembelea mwenzetu wa siku nyingi ambaye familia yake ilihamia huko. Utende kunatazama Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Ng'ambo ya maji ni kisiwa cha Chole, chenye magofu ya kale na popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa. Kijana mkubwa wa mwenyeji wetu anafanya kazi ya kuwaongoza wageni wanaozama na mitungi ya hewa kutazama matumbawe.

Ombi la mama

Jioni ya kwanza mwenzetu alituvuta kando jikoni. "Mwanangu ana mafua, pua imeziba kabisa. Kesho ana wageni. Asipozama hapati posho ya siku, na ada ya mdogo wake inadaiwa. Nipeni kidonge cha kufungua pua."

Ni nani kati yetu angekataa? Tulihesabu vidonge sita, tukavifunga kwenye karatasi, tukamkabidhi. Hatukuuliza swali hata moja.

Kijana aliporudi alituamkia kwa heshima, kisha mama yake akamletea vidonge pamoja na maji. Alivitazama, akavirudisha mezani taratibu. "Ahsanteni mama zangu," alisema. "Lakini ninyi mmezoea kutibu watu wa nchi kavu."

Kusema kweli tuliona aibu. Tulikaa mkekani, tukamsikiliza.

Mwili chini ya maji

Alituambia tufikirie puto lililojazwa hewa. Ukilishusha mita 10 baharini, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, na puto linanywea mpaka nusu. Ndani ya sikio, na katika mashimo ya hewa yaliyo kwenye mifupa ya uso, mna hewa vilevile. Mzamiaji anaposhuka huziba pua na kupuliza polepole ili hewa ipite kutoka kooni kwenda sikioni. Mafua yakiziba kijia hicho, maumivu huwa makali, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka.

"Basi si ndiyo maana ya kidonge?" tuliuliza.

"Kidonge kitanifungulia nishuke," alijibu. "Kikiisha nguvu nikiwa chini, pua itaziba tena. Sasa nikipanda, ile hewa inatanuka na haina mlango. Siwezi kukaa chini kwa kuwa mtungi unaisha, na siwezi kupanda kwa maumivu."

Tulikumbuka wenzetu waliosinzia botini. Vidonge vingi vya mafua na vya kichefuchefu huleta usingizi. Kuanzia mita 30 hivi, hewa ya mtungini yenyewe huanza kumlevya mzamiaji, naye ana kipimo cha hewa cha kusoma na wageni wa kulinda. Usingizi juu ya ulevi ule ni hatari.

Mmoja wetu aliuliza kama mtu mwenye pumu anaweza kuvuta dawa yake akiwa chini. Kijana alicheka. Mdomo umeshika kipumulio. Ukikitoa, kinachoingia ni maji. Mgonjwa hatibiwi chini. Hupandishwa polepole, naye hupewa huduma botini.

Waliochomwa sindano njiani

Hapo tukaikumbuka habari iliyowafanya akina mama wa dunia nzima wapige magoti. Juni 2018, huko Thailand, watoto 12 wa timu ya mpira na kocha wao walinaswa na mafuriko ndani ya pango la Tham Luang. Njia ya kutokea ilikuwa chini ya maji machafu, na wengi hawakuamini kwamba mtoto anaweza kupita humo bila kuingiwa na hofu. Daktari Richard Harris wa Australia, ambaye ni mtaalamu wa dawa za usingizi na pia mzamiaji wa mapangoni, aliwalaza kwa ketamini. Dawa ilipopungua njiani, wazamiaji waliwaongezea sindano ya mguuni. Kati ya tarehe 8 na 10 Julai wote 13 walitolewa hai. Siku chache kabla, mzamiaji wa Thailand, Saman Kunan, alikuwa amepoteza maisha akirudi kutoka kupeleka mitungi pangoni.

"Wale hawakuwa na njia nyingine," kijana alisema. "Mimi ninayo. Naweza kubaki juu."

Tulichorudi nacho

Asubuhi alimweleza mkuu wake, mwenzake akazama badala yake, naye akabaki botini kupokea mitungi. Jioni alileta nusu ya posho. Mama yake hakusema neno wakati wa chakula. Nasi tulichanga kidogo tulichokuwa nacho kwa ajili ya ada.

Mama msomaji, kabla hujampa mtu wako kidonge, muulize kwanza kazi atakayoifanya siku hiyo. Dereva, fundi wa juu ya paa na mzamiaji, kila mmoja ana hatari yake. Na kama mwanao anazama kwa mitungi, akarudi na maumivu ya bega au kiwiko, ganzi au uchovu usio wa kawaida, usiyanyamazishe maumivu hayo kwa dawa ukadhani yamekwisha. Huenda ni mapovu ya gesi mwilini, nayo yanahitaji oksijeni na daktari mara moja.

Siku ya kuondoka, mwenzetu alitusindikiza hadi Kilindoni. Alipotuaga alitutia mkononi karatasi iliyokunjwa. Ndani vilikuwamo vidonge vyetu, vyote sita.