Mtoto Ambaye Hakufa

Mpigapicha wa habari huzoeshwa mapema kukimbilia palipo na kilio. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefuatilia haki za binadamu na afya ya jamii, na karibu kila mhariri niliyemfanyia kazi aliniuliza kwanza: mgonjwa umempata? Namwelewa. Ukurasa wa mbele unataka sura ya mtu. Lakini mimi ni mtu wa Mkuyuni, huku mashariki ya milima ya Uluguru, kwenye barabara ya kutoka Bigwa kwenda Kisaki, na jambo kubwa kuliko yote lililotokea katika afya ya wilaya yetu halikumpa mpigapicha sura yoyote.

Katika fani hii mkubwa wetu ni Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini tu, akaanzisha Camerapix hapo hapo Dar. Mwaka 1966 alifungwa Zanzibar kwa sababu ya kazi yake, kisha akafukuzwa nchini. Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, akiwa na Michael Buerk wa BBC, na filamu yake ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa ilipoonyeshwa tarehe 23 mwezi huo, dunia ilisimama. Misaada ikamiminika, na Julai 1985 London na Philadelphia zikafanya tamasha la Live Aid. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa; mwenzake John Mathai akauawa, naye akapoteza mkono wa kushoto. Alirudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines ilipotekwa na kuanguka baharini Komoro.

Wako watu walio hai leo kwa sababu ya kamera ya mtu yule, na sitaki mtu anibishie kwa hilo. Hata hivyo Korem ilituachia pia mazoea. Dunia iliona mifupa na vumbi la alfajiri. Vita kati ya serikali ya Ethiopia chini ya Mengistu na wapiganaji wa kaskazini, vita vilivyougeuza ukame kuwa maangamizi, vilibaki nje ya picha. Tangu hapo mpigapicha akitumwa Afrika kwa habari ya afya, anajua anachotakiwa kurudi nacho.

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, ilianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, hii yetu. Wadodosaji walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza: nani amefariki humu? Aliumwa nini? Homa ilianza lini, alitapika, alishikwa na degedege? Wengi walikuwa wamefia nyumbani bila cheti cha daktari, kwa hiyo maneno ya mama aliyefiwa ndiyo yakawa ushahidi. Nafikiri hakuna kazi ya uandishi wa habari iliyofanywa wilayani kwetu kwa heshima kuliko ile, ingawa waliokuwa wakiifanya hawakujiita waandishi.

Majibu yale yalipowekwa kando ya bajeti, mambo yakajianika. Malaria peke yake ilikuwa imekula asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, nayo ilitengewa asilimia 5 ya fedha za afya za mwaka 1996. Wilaya ikapanga upya matumizi yake. Wahudumu wa zahanati wakafundishwa kumchunguza mtoto mzima, badala ya kutibu kikohozi na kumwacha na homa yake. Vyandarua vyenye dawa vikahimizwa. Nyongeza ya fedha iliyohitajika ilikuwa kama senti 80 za dola ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka. Katika miaka michache vifo vya watoto wadogo katika wilaya hizo mbili vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Asilimia 40! Watoto walionusurika ni watu wazima sasa. Wanapakia mafenesi na mikungu ya ndizi kwenye magari ya kwenda mjini, wanaendesha bodaboda, wengine nao ni wazazi. Hakuna aliyewapiga picha siku waliyonusurika, kwa kuwa siku hiyo haikuwa na tukio. Mtoto alipata homa, akapewa dawa, akalala chini ya chandarua, asubuhi akaomba uji.

Ndiyo maana nikiwa huku napenda kwenda siku ya kliniki ya watoto. Mzani unaning'inia, mtoto anaingizwa kwenye kaptula ya kupimia na kulia kwa hasira za mtu mwenye afya. Nesi anasoma kilo, anatia nukta kwenye kadi, mama anainama kuangalia kama nukta imepanda. Mama mmoja nilimwomba ruhusa ya kumpiga picha mwanawe. Akanizuia kwa mkono. "Subiri kaka, nimfute kamasi kwanza. Hiyo picha ikifika huko mbali, aonekane ana kwao." Akamfuta, akamvalisha kofia, akamkalisha vizuri mapajani, ndipo akaniambia piga. Semina nyingi za maadili nilizohudhuria hazikunifunza haki ya mpigwa picha kama kofia ile.

Sisemi tuyafumbie macho maumivu. Tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi la polisi akiwa kazini. Picha za Joseph Senga wa gazeti la Tanzania Daima zilionyesha askari wakiwa wamemzingira. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Picha kama zile lazima zipigwe, hata kama mkono unatetemeka.

Ila kinga isiyo na tukio nayo inahitaji shahidi. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwa likigharamia sehemu ya mapambano dhidi ya malaria hapa nchini. Tukingoja hadi mtoto azidiwe ndipo tufungue kamera, tutapata picha nzuri na mtoto hatutakuwa naye. Wahariri, tumeni watu sasa. Waende kwenye bohari la dawa la wilaya, waende kliniki, waende bajeti inapojadiliwa. Baraza la madiwani hukutana kila robo mwaka, na mikutano yake iko wazi kwa mwananchi yeyote.