Ukiona Vyaelea: Mwendo, Flagela na Spora za Bakteria chini ya Hadubini

Bakteria hana rangi. Mwili wake umejaa maji, naye huishi ndani ya maji; kwa hiyo mwanga wa hadubini humpita kama upitavyo kiooni, na mtazamaji asiye na subira huondoka akidhani kwamba hakuna kitu. Atakaye kumjua kiumbe huyu hana budi kumuuliza maswali matatu: Je, anakwenda? Anakwenda kwa chombo gani? Na chakula kikimwishia, hujihifadhi vipi? Kila swali lina mbinu yake, na kila mbinu ina gharama yake, kwani ionyeshapo jambo moja huficha jingine. Ndiyo maana kazi ya maabara, ambayo wengi huihesabu kuwa ya macho na mikono tu, ni kazi ya lugha pia. Aliyeona hupaswa kusema alichokiona, wala asivuke mpaka wa kile ambacho mbinu yake ilimruhusu kuona.

Mbinu kongwe ya kuchunguza mwendo ni ile ya tone lining'inialo. Tone dogo lenye bakteria hai, waliooteshwa karibuni, huwekwa katikati ya kioo chembamba ambacho kingo zake zimepakwa mafuta mazito. Kisha kioo hicho hupinduliwa juu ya kioo kinene chenye kishimo, tone likabaki limening'inia bila kugusa chini. Mwanga hupunguzwa, maana ukiwa mkali huwameza wasio na rangi. Mtazamaji hutafuta ukingo wa tone, akatulia, akatazama. Hapo huona vitu vyote vimo katika msukosuko, na hapo ndipo mtego ulipo.

Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea, Robert Brown, alitazama chembe zilizotoka katika chavua zikitikisika majini. Alipojaribu vumbi la mawe, likiwamo la kipande cha Sphinx wa Misri, alikuta nalo latikisika vilevile. Akatambua kwamba mtikisiko huo si dalili ya uhai. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba molekuli za maji huzigonga chembe kutoka kila upande bila kukoma. Basi bakteria aliyekufa naye hutikisika. Aidha, mafuta ya ukingoni yakiacha upenyo, maji hutiririka, na walio hai pamoja na wafu huchukuliwa upande mmoja.

Hapa Kiswahili hakimpi mtazamaji mahali pa kujificha. Kutikisika ni hali, wala hakudai mtenda. Kuchukuliwa ni kutendwa, na mtenda ni maji. Kuogelea ni kutenda. Mwanafunzi aandikapo katika daftari lake kwamba bakteria "wanacheza", amechagua neno tamu linalochanganya hali zote tatu, na kwa kuzichanganya amekwepa swali aliloulizwa. Astahiliye kuitwa mwogeleaji ni yule tu ambaye, wenzake wakiwa wanatikisika mahali pamoja au wanafuata mkondo, yeye hukata njia yake na kugeuka, pengine hata kuukabili mkondo wenyewe. Howard Berg na Douglas Brown walipomfuatilia Escherichia coli mmoja mmoja mwaka 1972, walikuta kwamba hunyoosha njia kwa takriban sekunde 1, hupinduka-pinduka kwa muda upatao sehemu ya 10 ya sekunde, kisha hushika mwelekeo mpya.

Ugumu huzidi mtazamaji anapotaka kukanusha. Lugha yetu ina "haendi", ina "hakwenda", tena ina "hajaenda", na tofauti baina ya maneno haya si ya sarufi tupu. "Haendi" ni hukumu juu ya tabia. "Hakwenda" ni ushahidi juu ya saa ile, tone lile na joto lile. "Hajaenda" huacha mlango wazi. Listeria monocytogenes, ambaye huambukiza watu kwa njia ya chakula, huogelea vizuri akioteshwa katika nyuzi joto 25 za Selsiasi, lakini katika nyuzi 37 mwendo wake hufifia hata mtazamaji akadhani haupo. Bakteria ahitajiye hewa huweza kusimama chini ya kioo kwa kuikosa. Kwa hiyo mbinu ya pili hutumika kuihoji ile ya kwanza: agari laini, ya takriban asilimia 0.4, huandaliwa ndani ya mrija, na sindano yenye bakteria huchomwa katikati mara moja na kuchomolewa kwa njia ileile. Wasiokwenda huota juu ya mstari wa sindano tu. Waendao husambaa wakaacha wingu. Mbinu hii huihoji jamii nzima kwa muda wa siku moja au zaidi, si mmoja mmoja kwa dakika chache, ingawa mtazamaji hamwoni hata mmoja akiogelea.

Uzito wa ukanushaji huu hudhihirika katika ugonjwa wa kimeta. Bacillus anthracis, bakteria wa kimeta, ni mwenye umbo la fimbo, hutengeneza spora, na hukaa udongoni. Bacillus cereus, jamaa yake wa karibu, ana sifa hizohizo. Mojawapo ya tofauti zinazowatenga ni kwamba wa kimeta haendi, ilhali cereus kwa kawaida huenda. Hata hivyo, maabara yenye nidhamu haitoi hukumu kwa tone moja. Huhoji pia utando wa nje wa bakteria na sifa nyingine, hadi "hakwenda" nyingi, zikisaidiwa na ushahidi wa aina nyingine, ziruhusu kusemwa "haendi".

Swali la pili, la chombo cha mwendo, lina gharama kubwa zaidi. Flagela, uzi ambao jina lake la Kilatini maana yake ni mjeledi, una unene wa takriban nanometa 20, ilhali hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kupambanua vitu vilivyo chini ya nanometa 200 hivi. Ili flagela ionekane, sharti inenepeshwe. Mwaka 1889 Friedrich Loeffler alitangaza njia ya kufanya hivyo kwa asidi ya tanini. Tanini ndiyo iliyomo katika magome ya mikoko, ambayo kwa miaka mingi yaliuzwa nje kutoka pwani ya Afrika Mashariki kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Kama vile inavyoshikamana na ngozi, hushikamana na flagela, na rangi hujilimbikiza juu yake tabaka baada ya tabaka. Kioo hapana budi kiwe safi kabisa, na bakteria wasitikiswe kwa nguvu, maana flagela hukatika upesi. Kazi ikifaulu, huonekana kama flagela ni moja nchani, ni fungu, au zimeuzunguka mwili wote. Na kwa mpangilio huo aina nyingi za bakteria zimetambulishwa.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hukumbusha jasho la fundi lililofichwa na uzuri wa chombo. Katika maabara inaongeza onyo: kinachoonekana kwenye kioo si flagela yenyewe, bali ni flagela pamoja na vazi iliyovishwa. Zaidi ya hayo, mwenye flagela hiyo amekwisha kufa. Picha humwonyesha kasia, lakini haimwonyeshi akipiga kasia. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba flagela hujipinda mfano wa mkia wa samaki. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walitoa hoja kwamba flagela huzunguka. Mwaka uliofuata Michael Silverman na Melvin Simon waliinasa flagela kwenye kioo kwa kutumia kingamwili, na flagela ilipozuiwa, mwili wa bakteria ndio ukazunguka mahali pake. Jambo ambalo miongo ya rangi haikulifichua lilifichuliwa na kiumbe hai aliyefungwa. Ilipofika mwaka 2000, Berg na wenzake waliweza kutazama flagela za bakteria hai zikizunguka, baada ya kuzitia rangi ing'aayo.

Swali la tatu ni la spora. Mwaka 1876 Ferdinand Cohn, katika mji wa Breslau, alieleza spora za Bacillus subtilis. Mwaka huohuo Robert Koch, daktari wa mji mdogo wa Wöllstein, alifuatilia maisha ya bakteria wa kimeta ndani ya tone la maji ya jicho la ng'ombe. Aliwaona wakirefuka kuwa nyuzi, ndani ya nyuzi zikatokea punje zing'aazo, na punje hizo zikaota tena kuwa bakteria. Leo njia iliyozoeleka zaidi ya kuzionyesha ni ile ya Alice Schaeffer na MacDonald Fulton ya mwaka 1933. Kwa kuwa ganda la spora hukataa rangi za kawaida, kijani cha malakaiti hupenyezwa kwa mvuke wa moto. Maji huiosha rangi hiyo kutoka katika miili ya kawaida, nayo hupewa wekundu wa safranini. Spora hubaki kijani ndani ya mwili mwekundu.

Rangi hiyo inasema kwamba spora ipo. Haisemi kama ina uhai. Ili kulijua hilo, bakteria hupashwa joto la nyuzi 80 kwa dakika 10, wasio na spora wakafa, kisha masalio huoteshwa. Kiotacho kilikuwa hai. Sarufi nayo hushawishi kosa: bakteria huitwa "huyu", spora huitwa "hii", kana kwamba uhai umeondoka pamoja na upatanisho wa kisarufi. Katika kisiwa cha Gruinard, Uskoti, majaribio ya silaha za kimeta yalifanywa kuanzia mwaka 1942. Kisiwa hicho kilitangazwa kuwa salama mwaka 1990 tu, baada ya udongo wake kutiwa formaldehaidi mwaka 1986. Kwa miaka yote hiyo spora hazikwenda, hazikula, hazikuzaa. Hazikuwa zimekufa, zilikuwa hazijaota.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilikuwa hatua kubwa ya kuyapa mambo haya majina. Lakini istilahi peke yake hazimalizi kazi. Daftari la maabara ya chuo kikuu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali matokeo yake humfikia mfugaji wa Arusha kwa Kiswahili, kinywani mwa afisa mifugo asimamaye kando ya mzoga. Mzoga wa kimeta ukiachwa bila kupasuliwa, bakteria wengi waliomo hufa kadiri unavyooza. Ukipasuliwa, damu hukutana na hewa na spora hutengenezwa. Afisa akisema kwamba vijidudu vya mahali ulipooza mzoga wa mwaka jana "vimekufa", mfugaji atawapeleka ng'ombe wake kulisha pale. Akisema "havijaota", atawapitisha kwingine.