Kompyuta Iliyokesha Bure

Mimi ni mwalimu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa pia mwandishi wa kikundi cha wakulima wa parachichi hapa Matwebe, wilayani Rungwe. Kilo za kila mkulima, makato na malipo, yote hupita kwenye kompyuta mpakato moja niliyoinunua ikiwa imeshatumika, inayoendeshwa na Linux. Kazi hiyo naifanya usiku, kwa umeme wa sola. Aliyeishi Rungwe anaijua mvua yetu: huanza Novemba, na Aprili bado inanyesha. Ukungu hutanda, paneli ikakosa jua la kujaza betri.

Nilikuwa kipofu kwa jambo moja. Niliamini kwamba kifaa kisichofanya kazi hakili umeme. Betri ilipokwisha kabla sijamaliza hesabu, nililaumu mvua, kisha nikalaumu betri. Nilikopa kwenye kikoba, nikaongeza betri ya pili. Deni lilinisumbua kuliko nafuu niliyoipata, maana paneli ilikuwa ileile na jua lilelile. Baya zaidi, nikawa mchoyo. Mama mmoja jirani alikuwa akileta simu yake jioni ili aichaji kwangu. Nilimwambia umeme hautoshi. Akajibu kwa upole, "Haya, mwalimu," akaondoka. Wakati huohuo kompyuta yangu ilikuwa inalisha kamera ambayo sikuwahi kuitumia.

Hilo nilionyeshwa na kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anasomea kompyuta Mbeya. Alikuja likizo, akapita kunisalimu tu. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia, nikaanza kumlalamikia betri. Hakunibishia. Aliomba ruhusa, akafungua programu iitwayo PowerTOP, iliyotolewa na Intel mwaka 2007. Mashine ilikuwa imetulia, sijagusa kitu, nayo inakula karibu wati 20. Akauliza kwa adabu, "Mwalimu, hivi vyote unavitumia?" Kamera, kisoma kadi, tundu la waya wa mtandao, kadi ya pili ya picha. Sikuwa nikitumia hata kimoja, na vyote vilikuwa macho.

Alinieleza, nami nimeendelea kusoma mpaka nikaelewa. Ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 2.6.32 la Desemba 2009, upo utaratibu ulioandikwa na Rafael Wysocki wa kulaza kifaa kimoja kimoja huku mashine yenyewe ikiendelea na kazi. Kila kifaa kina hesabu ya wanaokihitaji. Programu ikifungua kamera, hesabu inapanda, ikiifunga, inashuka. Ikifika sifuri kerneli haikati umeme papo hapo, kwa sababu kuamsha nako kuna gharama. Inasubiri kwanza, na kwa vifaa vya USB muda wa kawaida ni sekunde 2. Ndipo inapoiagiza draiva, programu inayokiendesha kifaa, ihifadhi hali yake na kukishusha kwenye umeme mdogo, au kukizima kabisa. Kikihitajika tena, kinaamshwa na kurudishiwa hali yake. Na mzazi halali mtoto akiwa macho: kitovu cha USB hubaki na umeme maadamu chini yake kuna kifaa kimoja kinachofanya kazi.

Nikamuuliza, kama utaratibu upo, mbona kwangu haufanyi kazi? Akanijibu kwamba ni tahadhari. Vipo vifaa ambavyo vikilala haviamki vizuri. Kwa hiyo kerneli huviacha vingi vya USB na PCI vikiwa na neno "on" ndani ya faili dogo liitwalo control, chini ya saraka ya /sys. Anayetaka kifaa kilale huandika "auto". Walioijenga hawakutaka kuhatarisha kazi ya mtu wasiyemjua.

Ningependa kusema kwamba kuanzia usiku ule mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Kijana alipoondoka niliandika "auto" kila mahali kwa pupa. Kipanya kikawa kinasinzia katikati ya kazi, bofyo la kwanza linapotea. Modemu ikakatika nikiwa natuma hesabu kwa mnunuzi. Nikakasirika, nikarudisha kila kitu kwenye "on", nikaviacha hivyo kwa majuma. Nilipojaribu tena, kila nikiwasha mashine upya mabadiliko yangu yalikuwa yamefutika, kwa kuwa yaliyoandikwa kwenye /sys hayadumu mashine ikizimwa. Kijana alinifundisha kwa simu, kwa uvumilivu, kuandika kanuni za udev, programu inayopanga vifaa mashine inapowaka, ili yarudi yenyewe.

Safari hii nilikwenda na kifaa kimoja kimoja. Kamera ikalala, kisoma kadi kikalala, tundu la mtandao likalala. Kipanya na modemu nikaviacha macho. Kadi ya pili ya picha ndiyo iliyonitesa: nimeiandikia "auto", lakini faili la runtime_status, linaloonyesha kama kifaa kimelala, linasema "active" tu. Nilikaribia kukata tamaa. Kumbe ndani ya kadi ileile mna sehemu ya sauti, ile ya kupeleka sauti kwenye televisheni kwa waya wa HDMI, na kerneli imeiunganisha na upande wa picha: sauti ikiwa macho, picha nayo hubaki macho. Nilipoandika "auto" kwa sehemu ya sauti, muda mfupi baadaye kadi nzima ikalala. Nilisoma neno "suspended" nikamshukuru Mungu kwa sauti, mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Wati 20 zikashuka hadi kama 11. Kwa saa 4 za usiku, hizo ni wati-saa 36 zinazobaki, na betri ya simu ya kawaida hubeba kati ya 15 na 20. Nilikwenda kwa yule mama nikamwomba radhi, nikamwambia alete simu. Hakuniuliza umeme umetoka wapi.

Sikustahili haya. Wysocki hanijui, wala waliochunga draiva za kamera nisiyoitumia hawanijui, na sikuwalipa hata senti. Kazi yao ilikuwa ndani ya mashine yangu tangu siku niliyoinunua, nami nikaenda kukopa.

Ndugu unayesoma, huenda nawe uko mahali nilipokuwa, unapanga kukopa betri nyingine. Subiri kwanza. Iache mashine itulie, fungua PowerTOP, usome wati. Chagua kifaa kimoja usichokitumia, kiandikie "auto", kisha soma runtime_status yake. Kikikataa kulala, tafuta nani anakishikilia. Kipanya kiache macho.